Hodi ya Tatu

Mpishi wetu alikuwa na Uingereza yake peke yake, na ndani ya Uingereza hiyo kulikuwa na Bumbwini, Donge na Makunduchi. Mgeni akimsikia kwa mara ya kwanza alidhani mzee kachanganyikiwa. Anakata vitunguu, macho yanamtoka machozi, halafu anasema kwamba Makunduchi kuna bata wanaoogelea katikati ya kijiji na magari yanasimama kuwapisha. Anayeijua Makunduchi ya Unguja anajua kwamba hakuna gari la huko litakalompisha bata. Ukimuuliza, anaweka kisu chini, anafuta mikono kwenye aproni, na hapo umekwisha, maana hadithi ya siku ile haikuwa na njia ya mkato.

Siku yenyewe ilikuwa moja tu. Matajiri wetu walikuwa wakilikimbia joto la Doha kila kiangazi kwenda London, na mwaka mmoja, kabla mimi sijafika, walimchukua na yeye kwa sababu Mama Mkubwa, bibi wa nyumba ile, hakuweza kula mkono wa mtu mwingine. Jumapili moja akapewa ruhusa. Rafiki zake wawili wa utotoni, Seif na Haji, waliokulia naye mtaa mmoja wa Ng'ambo kisha wakahamia Uingereza wakiwa vijana, wakaja na gari la Seif wakamtembeza vijijini. Walimtajia majina ya vijiji hivyo, akashindwa kuyakamata, kwa hiyo akavipa majina ya kwao. Cha kwanza Bumbwini, cha pili Donge, cha tatu Makunduchi. Aliporudi Doha alirudi navyo hivyo hivyo.

Mimi nilimkuta jikoni mwa nyumba hiyo, Al Rayyan, nilipoletwa kutoka Tanga kulea watoto. Yeye alikuwa na chumba chake karibu na geti, mimi nilikuwa na changu nyuma ya jiko, na kati yetu ulikuwepo uwanja wa vigae ambao mchana wa Julai huwezi kuuvuka bila viatu. Wenye nyumba walimwita kwa kazi yake, kwa Kiarabu. Dereva Mkenya alimwita Mzee. Mimi nilimwita Mjomba, naye akaniita Mtanga, na akiwa na furaha aliniita mwanangu. Baba yake nani, alizaliwa wapi hasa, sikuuliza. Sisi tulio huku hatuulizani sana mambo hayo.

Nilichokijua ni mikono yake na inda zake. Jiko lilikuwa lake, na sufuria zake hakuna aliyezigusa. Siku moja nilichukua mwiko wake nikoroge uji wa mtoto, akaununia ule mwiko siku nzima, sio mimi, ule mwiko, akauweka peke yake dirishani kama mtu aliyefanya kosa. Machboosi yake, ule wali wa nyama wanaoupenda Waarabu wa hapa, ilikuwa ikiwanyamazisha wageni barazani, lakini yeye mwenyewe alikula mkate na chai. Ugali wetu aliutukana kila tulipousonga, akauita chakula cha kuzibia nyufa. Akishamaliza kuutukana alivuta kiti, na mara nyingi aliongezwa.

Kitu kingine kilikuwa sweta. Ilikuwa ya kijani, nzito, viwiko vimeshachoka, na Haji alimvulia mwilini mwake pale Donge upepo ulipowapiga. Aliivaa jikoni mwaka mzima. Ili aweze kuivaa alikishusha kiyoyozi mpaka sisi wengine tukawa tunapiga chafya, na huko nje kandambili zinalainika kwa jua. Halafu Januari ikifika, pale Doha inapopata kaubaridi kake kadogo, mtu huyo huyo alianza kulalamika mbavu. Nilimwambia mtu anayeililia baridi ya Uingereza hana haki ya kulia na hii. Akanijibu kwamba baridi ya Uingereza ina adabu, inatanguliza mawingu, mtu ajiandae, ila hii ya jangwani inamwingia mtu jua likiwa linawaka, ndiyo maana hawezi kuiheshimu.

Waingereza aliwasifu kwa mengi, lakini usimuulize chakula chao. Alisema wanakula viazi kwa kila kitu halafu wanahuzunika. Siku ile yeye na wenzake hawakugusa mkahawa wowote. Aliamka alfajiri, akapika pilau katika jiko la nyumba iliyokodiwa London, akaifunga sufuria kwa kanga ya mke wa Seif, na wakala Donge kwa mikono, wamekaa kwenye nyasi kando ya kijito, nyuma yao nyumba za mawe rangi ya asali. Waingereza waliokuwa wakipita na mbwa wao waliwasalimia. Seif aliwakaribisha wote, akijua hakuna atakayekaa.

Hadithi yenyewe haikuwa na hali ya hewa ya kudumu. Kuna siku alipoisimulia mvua ilinyesha toka Bumbwini mpaka Makunduchi, na kuna siku jua liliwaka mpaka Haji akavua kofia. Kijito mara kilikuwa na daraja, mara walivuka kwa mawe. Nilikuwa nikimkamata makusudi, namwambia Mjomba, juzi ulisema mvua. Alinijibu kwamba vijiji vilikuwa vitatu, vyote viwe na mvua moja kwa nini? Ila sehemu moja hakuibadilisha hata neno, nayo ni ya mlango.

Walifika Makunduchi adhuhuri imeingia, wakawa wanataka maji ya kutawadhia. Seif akasema ipo baa, wana choo kizuri. Mpishi akakataa kutawadha baa. Haji akasema kijito hicho hapo. Akakataa kijito pia, kwa sababu ya bata. Ndipo alipoiona nyumba iliyojitenga kidogo, fupi, imeezekwa nyasi, paa limeshuka mpaka karibu na madirisha. Roho ikamlainika. Tangu asubuhi alikuwa ametazama majumba ya mawe na bustani zilizokatwa kwa wembe, akajihisi mgeni. Sasa hii hapa nyumba ya makuti. Alijua kabisa amewapata maskini wa huko, watu wa shamba kama wa kwao, na mtu wa shamba hamnyimi mpita njia maji.

Rafiki zake walielewa kosa lake na hawakumwambia. Seif alikuwa ameshajiuma kidole asicheke. Mpishi akapakua sahani ya pilau, maana kwa maskini huendi mikono mitupu, akaifunika, akaenda nayo. Akasimama pembeni ya mlango, sio mbele, asije akachungulia ndani ya nyumba ya watu, akaita hodi. Kimya. Akaita ya pili. Kimya. Haji, kutoka barabarani, akamwambia aache, huku watu wanabonyeza kengele. Akamjibu kwamba kengele haisemi ni nani aliyekuja. Akaita ya tatu, na mlango ukafunguliwa na bibi wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, amevaa glovu za bustani.

Hapo alikuwa akituangalia usoni mmoja mmoja. "Kwetu hodi ni tatu," alikuwa akisema. "Ya kwanza wajue upo. Ya pili wajistiri. Ya tatu wafungue. Ukipiga tatu na kimya, waondoka zako, wala huweki kinyongo. Lakini ya tatu lazima uipige."

Bibi yule alimletea maji kwenye jagi. Alimtazama anavyoosha miguu karibu na maua yake. Sahani aliipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani. Kabla hajatoka, simu ya mpishi ikalia: Mama Mkubwa amekataa chakula cha mchana, arudi mara moja. Wakaswali haraka kwenye nyasi, wakaondoka, sahani ikabaki. Njiani Seif ilimbidi aegeshe gari pembeni kwa kucheka, akamweleza kwamba huku nyumba ya makuti ni ya mtu mwenye nazo, maskini wao wanakaa kwenye maghorofa. Mpishi akasema basi amempa sadaka tajiri, lakini maji alimpa, hana neno.

Sahani ile ndiyo iliyomweka na hamu ya kurudi. Kwao, na kwetu Tanga pia, jirani ukimpelekea chakula, sahani yako hairudishwi tupu, hata kama ni kwa kipande cha muhogo. Kwa hiyo alikuwa akihesabu kwamba ana sahani yake Makunduchi ya Uingereza, na ndani yake kuna kitu kinamngoja, na shughuli haijaisha. Walipokuwa wakiagana London jioni ile, Haji akamwambia, "Mwakani tena, tuifuate sahani." Wakapeana mikono wote watatu.

Hilo ndilo alilolitaka duniani. Sijawahi kumsikia akitamani nyumba, wala gari, wala mke mwingine baada ya yule aliyechoka kumngoja akaolewa na mtu wa Pemba. Alitaka siku moja nyingine na Seif na Haji, kwenye zile nyasi, basi.

Kutoka mlango ule alipata na msemo. Ilikuwa mtu akishindwa jambo, anamwambia, "Hujapiga ya tatu." Oveni ikikataa kuwaka, hujapiga ya tatu. Dereva wetu, kijana wa Machakos, aliyekuwa akimtaka msichana wa nyumba ya pili, akakataliwa akarudi ameinamisha kichwa, Mzee akamwambia hajapiga ya tatu. Alipiga. Akakataliwa na ya tatu, na kaka yake msichana akampigia simu kutoka Kampala kumtukana. Mimi nilipoomba ruhusa kwenda kumzika mama nikanyimwa, niliomba tena nikanyimwa tena, na mpishi akaja mlangoni kwangu kunambia maneno yale yale. Nilimfungia mlango. Nilikuwa nikiuchukia ule msemo, nasema wazi. Mimi ni mtu wa kuondoka kwenye ya kwanza, na sikuona kwamba maisha yake yeye yalimpa sababu ya kunifundisha kinyume.

Ijumaa baada ya swala alikuwa akipigiana simu na rafiki zake, simu imewekwa juu ya kopo la mchele, sauti ya nje, yeye anachambua giligilani. Hivyo ndivyo nilivyowajua. Seif alikuwa dereva wa basi, na kicheko chake kilikuwa kikimtangulia kabla ya salamu. Haji alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, mtu wa taratibu, kila Ijumaa anauliza kama umeswali. Watu wazima wale walikuwa wakigombana kuhusu jambo moja tu miaka yote, yaani bibi wa Kizungu alijibu nini alipofungua mlango. Mpishi alishikilia kwamba alisema karibu.

Dereva wetu aliyasikia hayo siku moja akiwa anakunywa chai. "Mzee, hapo zi," alisema. "Mzungu hawezi sema karibu."

"Haji," mpishi akaita kwenye simu, "mwambie huyu."

Haji akatafakari. "Alikuuliza akusaidie nini, yakhe. Ndivyo alivyosema."

"Si ndo karibu yenyewe?" akasema mpishi, na Seif akacheka mpaka simu ikakatika.

Nilikuwa naungana na dereva, lakini kimoyomoyo nilipenda kwamba mzee yule alikuwa na mlango mmoja duniani aliofunguliwa.

Kila mwaka joto lilipoanza na masanduku kuteremshwa kutoka juu ya makabati, mpishi alibadilika. Alikuwa mpole. Chakula kilizidi utamu. Viatu vyake vya kutokea alivipaka rangi akavianika dirishani kwake, na sisi sote tukapita tukijifanya hatuvioni. Halafu madamu, mke wa tajiri, alitaja wanaosafiri. Mama Mkubwa alikuwa ameshashindwa kupanda ndege kwa sababu ya miguu, kwa hiyo alibaki, na kwa kuwa alibaki yeye, mpishi wake naye alibaki. Viatu vilirudi kwenye boksi. Mwaka uliofuata vilitoka tena.

Mama Mkubwa alipofariki alimlilia vile mtu anavyomlilia mzazi. Alikuwa akimpikia harisi laini, ule uji mzito wa ngano na nyama, kila siku, kwa sababu meno yalikuwa yamekwisha. Baada ya matanga nilimwona amekaa jikoni mbele ya sufuria tupu, na nikaelewa kwamba amelia mara mbili. Vijana wa nyumba ile wakifika London wanakula mikahawani. Hakuna tena aliyehitaji mpishi wa kusafiri naye.

Akaomba viza mwenyewe, na lazima niseme haki, tajiri alimsaidia kwa moyo mmoja. Wakamkataa. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, akaniletea nimsomee, nikamwambia kwa ufupi kwamba wana wasiwasi hatarudi.

"Nisirudi wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia Doha, au kwenu, popote unapotakiwa kurudi. Akatikisa kichwa taratibu, akasema hajui wanazungumzia wapi, lakini kama wanapajua wamwelekeze. Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Aliomba tena mwaka uliofuata, wakamkataa kwa sababu hiyo hiyo. Ya tatu hakuiomba. Nilimkumbusha msemo wake, kwa uchokozi, akasema ataipiga siku inayofaa.

Jioni moja niliona nimfurahishe. Nilikuwa nimenunua simu yenye kioo kikubwa, nikamwambia tukitafute kijiji chake. Jina hakuwa nalo, Seif alivitaja akavisahau naye pia, kwa hiyo tukatafuta nyumba za makuti za Uingereza. Zikaja picha tele, kijito, bata, paa la nyasi, maua mlangoni. Alivaa miwani, akatazama ya kwanza kwa tabasamu. Siyo hii. Ya pili, siyo. Tuliendelea mpaka tabasamu likamtoka. Zote zilikuwa zile, na hakuna iliyokuwa ile. Mwishoni akaniomba niizime, akasema nikiendelea nitamchanganyia.

Seif alikufa wakati wa baridi yao, ghafla, moyo. Haji ndiye aliyepiga simu, siku ambayo haikuwa Ijumaa, na mpishi alipoona jina lake kwenye kioo siku ya kazi alijua kabla hajapokea. Ijumaa zilizofuata zilikuwa na sauti mbili tu, na kati ya sauti hizo kulikuwa na nafasi ambayo kila mmoja alikuwa akimwachia mwenzake aijaze. Hadithi ya vijijini aliendelea kuisimulia, lakini gari halikuegeshwa tena pembeni kwa kicheko. Siku hizo ilikuwa wanatoka Makunduchi wanafika London moja kwa moja.

Mimi nikaondoka. Watoto walikuwa wamekua, nikapata kazi ya kupanga vyumba hotelini, The Pearl, natandika vitanda vinavyotazama mashua za matajiri. Yeye alihamishiwa kwa kijana mkubwa wa nyumba ile, Al Wakrah, ambako tayari kulikuwa na mpishi kijana. Nilipomuuliza kwenye simu anafanya kazi gani huko, alisema anachemsha chai ya asubuhi. Alisema wamempa heshima. Nilijua maana yake. Mtu aliyeninyima mwiko sasa alikuwa anaomba nafasi kwenye jiko la mtu mwingine.

Halafu wakamwambia kwamba kibali chake kikiisha hakitaandikwa upya, arudi kwao akapumzike. Walimwambia kwa upole na walimwandalia zawadi. Lakini kwao wapi? Ndugu zake wote walikuwa wameshafukiwa. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na watoto wa mpwa wake ambao hawakuwahi kumwona, na mmoja alishamuuliza kwenye simu kama atakaa muda mrefu. Nilimwambia Mungu yupo, akasema yupo.

Kilichomshikilia kilikuwa Haji. Haji alikuwa amestaafu, miguu imevimba kwa sukari, lakini alikuwa ameazimia kwenda Unguja kwa jamaa zake, na alisema atapitia Doha ashuke siku chache waonane. Mpishi alinitajia habari hiyo kila tulipoongea. Alikuwa ameuliza chumba kwa dereva wa Kitanzania wa jirani. Alikuwa amenunua mchele.

Basi Ijumaa moja asubuhi akanipigia. "Mtanga, Haji anapita leo mchana," alisema. "Njoo pwani ya Wakrah."

Nilikuwa na zamu ya jioni. Nikaoga, nikavaa gauni langu la kutokea, nikapitia dukani nikanunua halua na tende za kumkaribishia mgeni, nikapanda metro nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo muda mrefu. Nilikuwa nikijiuliza Haji atafanana vipi na sauti yake. Na nilikuwa nimeamua kumuuliza mwenyewe, uso kwa uso, yule bibi alisema nini.

Nilimkuta mpishi amekaa mchangani kwenye mkeka, peke yake, bahari ya Wakrah imelala mbele yake, watoto wa watu wanatembea ndani ya maji yasiyowafika magoti. Alikuwa amevaa ile sweta. Jua lilikuwa kali. Pembeni yake kulikuwa na chupa ya chai na sahani iliyofunikwa, na harufu ya pilau niliinusa kabla sijakaa. Alikuwa amekonda kiasi kwamba kola ilikuwa haimgusi shingo.

Nilimsalimia nikaweka mfuko wa halua chini. Nikamuuliza Haji anatua saa ngapi, na tunakwendaje uwanjani, teksi au metro.

"Hatwendi," alisema. "Hawaturuhusu huko aliko."

"Kwa nini? Si anatoka nje?"

Akanitazama, akaona gauni langu, akaona ule mfuko, na akaelewa nilivyoelewa. "La, mwanangu," alisema. "Haji amekuja kwenye mizigo."

Alikufa mwanzoni mwa wiki. Aliusia azikwe Unguja, na wanawe wakautekeleza usia. Jeneza lilitoka London usiku, lilibadilishiwa ndege Doha, na mchana huo huo likaendelea. Mpishi alikuwa amepewa habari na mtoto wa Haji, ambaye alikuwa ndani ya uwanja akisubiri ndege ile ile na hakuweza kutoka. Kwa hiyo Haji aliifikia Doha kama alivyoahidi. Alikaa saa chache, kwa mwendo wa dakika chache tu kutoka pale tulipokaa.

Nililia. Yeye hakulia. Alinimiminia chai, akaniambia kwamba Haji atapokewa na watu wengi, kwamba mtaa mzima umeshajulishwa, wengine wamekwenda kuchimba kaburi. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesifia harusi ya mwenzake. Kisha akasema kwamba na yeye amekatiwa tiketi, wiki mbili zijazo, njia ile ile. Nikamuuliza nani atampokea. Akasema teksi zipo.

Kutoka pwani ya Wakrah unaziona ndege zinavyoondoka, moja baada ya nyingine, zinapanda juu ya maji halafu zinageuka. Hatukujua ipi ni ya Haji. Mtoto wake alikuwa ametaja saa, lakini saa hiyo ziliondoka nyingi. Kila moja ilipopanda, mpishi aliinuka kidogo kwenye mkeka, akaweka mkono juu ya macho, akakaa tena. Mara ya kwanza niliinuka naye. Baadaye nikaacha, nikawa naangalia viatu vyake vya kutokea, vile vya kila kiangazi, vimepakwa rangi vizuri.

Ndege zikapungua. Watoto wakaitwa watoke majini. Nikajua, na nadhani yeye alijua, kwamba Haji ameshapita, katika moja ya zile. Hapo ndipo aliposimama sawasawa, akasogea upande, sio mbele, vile anavyosimama mtu asiyetaka kuchungulia ndani ya nyumba ya watu.

"Hodi," alisema, na hakuisema kwa sauti kubwa.

Bahari ilikuwa kimya. Mama mmoja wa Kiarabu aliyekuwa akikunja mkeka wake alitutazama, akaendelea na shughuli zake.

"Hodi."

Nikangoja. Mikono yake ilikuwa imening'inia ndani ya mikono ya sweta ya Haji. Akakaa. Nikangoja tena, na sijui kilichoniingia, maana maneno yale niliyachukia miaka yote, lakini sikuwa na mengine na niliogopa kumwona vile.

"Mjomba," nikamwambia, "hujapiga ya tatu."

"Ya tatu ukiipiga pasiwe na jawabu, waondoka," alisema. "Ndo adabu yake." Akaifunika vizuri ile sahani ya pilau ambayo hakuna aliyeigusa. "Mie nikiondoka hapa, nende wapi?"

Zamu yangu ilikuwa karibu kuanza na The Pearl ni mbali. Nilikaa palepale kwenye mkeka, kwa sababu sikuweza kuwa wa kwanza kuinuka.